Ramani ya Mwamba wa Baba

Jumatatu, 3 Machi 1997

Katika daftari hili nitaandika kweli tupu, yatakayonipendeza na yatakayoniaibisha, na sitachana ukurasa hata mmoja. Asubuhi niliahidi kwa mdomo mbele ya darasa, sasa naahidi kwa wino. Mwalimu wetu wa jiografia, Bi Dalal, ametupa kila mmoja wetu wa kidato cha tatu daftari jipya ili tuandike shajara ya masika: mvua imenyesha lini, kiasi gani, na watu wamefanya nini. Atayakusanya mwanzoni mwa Juni. Amesema makosa ya herufi atayasamehe, uongo hatausamehe.

Jina langu Mwanakhamis Simai. Siku za skuli nakaa mjini, Michenzani, ghorofa ya nne, kwa mama mdogo Riyama. Ijumaa narudi kwetu kaskazini, kijiji kinachotazamana na kisiwa cha Tumbatu. Baba yangu anavua kwa dema. Bi Dalal anajua dema ni nini, lakini ametaka tuandike kama tunamwandikia mtu asiyetujua. Basi dema ni mtego mkubwa wa fito zilizosukwa, wenye mdomo ambao samaki huingia asijue pa kutokea. Huzamishwa penye matumbawe na kutiwa mwani uliotwangwa, kwa sababu samaki waitwao tasi hawauachi mwani.

Mvua: hakuna.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Mvua hakuna. Maji hayakupanda ghorofani, nimeteka chini mara tano.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana kuliko zote nilizowahi kufanya.

Serikali imeleta mradi wa kuinua wavuvi wadogo. Afisa kutoka mjini amekuja dikoni, pale vyombo vinapopandishwa, akasema watakaojiunga kikundi watapata mashine ya boti na nyavu kwa ruzuku, na petroli ambayo sehemu kubwa ya bei yake italipwa na serikali. Baba na wenzake saba wamejiunga. Wote ni watu wa dema na mshipi, na vyombo vyao ni ngalawa za tanga. Baba alimwambia afisa wanachokihitaji hasa: sanduku kubwa la barafu, banda la kuwekea fito mvua zikija, na amri ya kuzuia juya lisiburutwe juu ya matumbawe. Juya ni wavu unaokokotwa chini kabisa, na chochote unachokikuta huko unakwenda nacho. Afisa alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema fomu ndiyo fomu.

Fomu ina visanduku vitatu tu vya kutia alama: mashine, nyavu, petroli. Nikatia alama, halafu nikayaandika yale maombi matatu ya baba nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Fomu inataka pia ramani ya mahali kikundi kinapovua. Hapo ndipo nilipohitajika. Wavuvi wa kwetu hawatii boya juu ya dema, maana boya ni kumwita mwizi. Kila mmoja anaujua mwamba wake kwa alama mbili za nchi kavu: kitu hiki kikikaa juu ya kile, na upande wa pili kile kikikifunika hiki, hapo ndipo. Alama hizo hazisemwi mtu akiwa pwani. Mzee humwambia mwanawe wa kiume wakiwa chomboni, basi. Baba hana mtoto wa kiume.

Wenziwe walinitajia alama zao nikachora. Mjaka, jirani yetu mwenye mdomo mrefu, alitaja zake huku akitafuna ubuyu. Baba naye akataja zake. Nikaweka rula kama tulivyofundishwa, nikavuta mstari wa kwanza, nikavuta wa pili, na mistari ikakutana shambani kwa bibi, katikati ya mihogo.

Nikamwambia baba haiwezekani, labda amesahau. Baba akacheka mpaka akafuta machozi.

"Simai," Mjaka akasema, "mwache mtoto achore mihogo. Mihogo hailiwi na juya."

Lakini mimi sikutaka kupeleka serikalini ramani ya uongo. Nikamwambia baba kwamba mwalimu wetu hasamehi uongo, na kwamba watu wa mradi wakija kupima wataona, na kikundi kizima kitaaibika. Baba akanishika mkono akanipeleka kwenye ngalawa yake iliyokuwa mchangani, tukakaa ndani, yeye nyuma na mimi mbele, ili iwe kama tumo safarini. Hapo akanitajia alama za kweli. Safari hii mistari ilikutana baharini, pazuri, nikatia nukta nyekundu.

Mvua: mawingu upande wa mashariki, hayakunyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Dalal ameinua ramani yangu juu darasa zima liione. Amesema katika miaka kumi na mbili ya kufundisha hajapata kuona pembe zilizopimwa vizuri hivi. Ameichukua kwao pamoja na fomu, ili ainakili ramani kwa karatasi ngumu na kuzipeleka zote ofisini, maana fomu lazima iende safi.

Nampenda Bi Dalal. Zamani ukoo wao ulikuwa na mashamba makubwa. Leo yeye anafundisha, na kaka yake, Bwana Majid, ana duka la vipuri vya mashine mtaa wa Mlandege. Nikiwa mkubwa nataka kuzungumza kama yeye, polepole, kila neno limekaa mahali pake.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya kwanza, kama robo saa. Watoto wa chini wameoga uani.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua nzito tangu asubuhi. Bwana Majid amekuja kwetu kwa gari akiwa na Bi Dalal. Fomu imerudishwa: mashine haitolewi kwa kikundi kisicho na chombo cha kuichukua, na ngalawa haichukui mashine ile. Bwana Majid ana boti. Amesema ataliandikisha boti lake kwa jina la kikundi, mashine itafungwa humo, na wazee watakuwa wanapanda kwa zamu. Mama amepika wali wa nazi na tasi wa kukaanga. Bi Dalal amekula kwa mkono ukumbini kwetu kama mtu wa nyumbani, nami nimejiona nimefika.

Baba aliuliza kama yale ya nyuma ya karatasi yamesomwa. Bwana Majid akasema, "Hayo baadaye, Mzee Simai. Kwanza tuingie." Wazee wakatia dole gumba kwenye fomu. Mjaka alikuwa wa mwisho, na aliangalia kidole chake chenye wino kama kimeungua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alkhamisi, 3 Aprili

Mvua. Umeme umekatika.

Jumamosi, 12 Aprili

Mashine imefika, na mapipa ya petroli, na juya jipya la rangi ya samawati. Yote yamepokelewa mjini, kwetu tumesikia tu. Baba amesema labda zamu itaanza baada ya sikukuu.

Ijumaa, 18 Aprili

Sikukuu kubwa, Idi ya kuchinja. Mvua tangu alfajiri. Nimevaa nguo ya kitambaa alichonipa Bi Dalal.

Jumamosi, 26 Aprili

Sijui nianze wapi. Naanza na saa.

Saa mbili asubuhi mvua ilikatika kidogo. Baba alitoka na ngalawa kwenda kutazama dema zake kumi na moja. Nilikuwa pwani na mama tukiosha vyombo wakati tuliposikia mashine. Boti jeupe lilitoka upande wa mjini, halikupunguza mwendo, halikuzungukazunguka kama wanavyofanya wageni wasiojua maji. Likaenda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba wa baba na kusimama juu yake. Wakashusha juya.

Baba aliwafikia wakati wanakokota. Mjaka, aliyekuwa karibu ndani ya ngalawa yake, ndiye aliyetusimulia, kwa sababu baba hakusimulia. Baba aliwaamkia. Akawaambia hapo pana dema. Nahodha wa boti akamjibu kwamba anavua eneo la kikundi, na yeye ni chombo cha kikundi, na akamwonesha karatasi ngumu iliyotiwa ndani ya nailoni. Ina nukta nyekundu.

Juya lilipopanda, Mjaka anasema, lilipanda na mawe hai ya matumbawe, mengine makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na fito za dema zilizovunjika, na tasi wadogo wa kidole ambao dema huwaachia wakapita. Hao wadogo walirudishwa baharini wakiwa wamekufa.

Baba amerudi na dema mbili. Ameziweka ukutani. Mama alimuuliza kama atakula, akasema nshakula. Hakuwa amekula.

Mimi sikutokea mbele yake mpaka magharibi. Aliponiona alisema, "Kumbe uko hapa, bibie," kwa upole, kama anavyozungumza na mtoto wa mgeni. Hajapata kuniita bibie maisha yangu.

Jumapili, 27 Aprili

Boti limerudi. Mvua haikulizuia.

Nimeona sasa jambo ambalo hatukufundishwa. Kutoka mjini mpaka kwetu ni mbali, na mashine ile inakunywa. Mjaka amesema kwa petroli ya bei ya duka boti lile lisingefika kwetu hata mara moja kwa mwezi, asingekuwepo mwendawazimu wa kulileta. Linakuja kila siku kwa sababu serikali inalipia njia. Na serikali inalipia njia kwa sababu kuna madole gumba manane ya wavuvi wadogo.

"Na mwamba wako?" nilimuuliza. "Na wewe ulichorewa."

"Wangu?" akasema. "Wangu nilikwambia uko pale mnara unapokaa juu ya mbuyu wa kwa Nahodha Machano. Mbuyu ule umeanguka tangu wewe hujazaliwa." Kisha akaongeza, "Sisi wote saba tulikudanganya, mwanangu. Baba yako peke yake ndiye aliyekuheshimu."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema kwa sababu niliahidi.

Jumanne, 29 Aprili

Baada ya skuli nilikwenda Mlandege dukani kwa Bwana Majid. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Nikamwambia kilichotokea. Hakukana hata kidogo. Alisema bahari ni ya Mungu na haina kitasa. Nikamwambia bahari ni ya Mungu lakini petroli ni ya kikundi, na zamu hawajapata hata moja. Akasema wazee wale hawawezi kukokota juya, wataumia migongo, na kwamba anawaletea kila mmoja ndoo ya samaki kwa wiki bila ya kutoka jasho.

"Nani mwengine anawaletea samaki mlangoni?" akauliza. "N'ambie."

Ni kweli ameanza kuleta ndoo. Watu watatu katika kikundi wanapokea. Ni samaki wa mwamba wa baba.

Jumatano, 30 Aprili

Nilimngoja Bi Dalal mlangoni mwa chumba cha walimu. Nilikuwa na uhakika kwamba ramani iliibiwa mezani kwake. Nilikuwa nimeshampangia namna atakavyokasirika.

Alisema, "Majid aliniuliza kama nina nakala, nikampa. Ramani huchorwa ili itumike, Mwanakhamis."

Nikamwambia imetumiwa kuvunja dema tisa. Akaondoa vumbi la chaki kwenye mkono wa baibui lake. Akasema hayo ni mambo ya watu wazima, na kwamba atazungumza naye, na kwamba nisisahau mtihani wa Ijumaa ni wa mistari ya kontua.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Baba anasuka dema mpya ndani ya nyumba kwa kuwa banda hatuna. Fito zimelowa, zinavunjika. Nikimpa uzi anapokea na kusema ahsante.

Jumatano, 7 Mei

Mvua.

Ijumaa, 9 Mei

Bi Dalal amenipa alama tisini na sita. Sikumuuliza kama amezungumza na kaka yake, naye hakuniambia.

Jumamosi, 10 Mei

Baba ameshusha dema nne mpya mwambani Jumanne, na leo amezitoa tupu. Anasema chini kumekuwa kweupe kama sakafu iliyopigwa chokaa. Alimwambia mama, si mimi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Mama hakukaanga samaki leo. Ile ndoo ya Bwana Majid ilipoletwa, baba aliibeba mwenyewe mpaka nje, akaiweka chini ya mvua, akarudi ndani. Paka walikula.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Nimeota bahari ina rula.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekuwa nikimchukia Mjaka tangu utoto wangu kwa maneno yake. Leo asubuhi alikuja kwetu na dema tatu zake mwenyewe mabegani, akazitua mlangoni, akamwambia baba atoke. Baba akauliza waende wapi. Mjaka akasema, "Kwangu. Twende nikuoneshe, na huyo mchoraji wako abaki hukuhuku juu."

Baba alicheka. Kicheko kifupi, lakini nilikisikia. Wameondoka pamoja katika ngalawa ya Mjaka. Kumpeleka mtu mwengine kwenye mwamba wako si jambo dogo kwetu, watu hawalifanyi hata kwa shemeji. Waliporudi baba alikuwa na samaki wa kutosha sisi na jirani, na Mjaka alipita akinitukana kwa utani mpaka nyumbani kwake. Nilimwamkia shikamoo mara mbili.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua inapungua. Leo tumeandika barua kwa ofisi ya mradi. Mjaka ndiye aliyesema iandikwe, na ndiye aliyesema niandike mimi. "Kalamu iliyokoroga ndiyo hiyo iliyopo," alisema.

Tumeandika kwamba kikundi chetu kinaomba petroli ya ruzuku ikatwe, ile inayotolewa kwa jina letu, na mashine irudishwe. Hatuombi serikali ituache. Tunaomba ikate kile kinachotumaliza, itupe kile tulichoandika nyuma ya fomu: barafu, banda, na juya lisipite juu ya matumbawe yetu. Nilimsomea baba mara tatu. Mara ya tatu alisema neno moja niliandike tena kwa ukubwa, neno "matumbawe".

Sita katika wanane wametia dole gumba. Wawili wamekataa kwa ajili ya ndoo, wana watoto wengi, sikuwatolea neno baya.

Jumatano, 28 Mei

Mama mdogo Riyama alinisindikiza ofisini. Afisa ni yule yule mwenye adabu. Alisoma barua yote, akaenda kutafuta faili. Ndani ya faili mna fomu yetu, lakini ni fotokopi, upande wa mbele peke yake. Nyuma hakukunakiliwa. Maombi ya baba hayajawahi kufika ofisini.

Alisema mambo mawili. La kwanza, kikundi kikijitoa huenda kisipate tena kitu kingine chochote, maana mradi una visanduku vitatu na hakuna cha nne. Mama mdogo akamuuliza nani alivichora visanduku hivyo, kama na yeye alikuwa mtoto wa skuli. Afisa alitabasamu. Lakini aliichukua kalamu akaandika pembeni mwa barua yetu maneno "barafu, banda, juya", na akapiga mstari chini yake. Sijui kama hilo ni jambo. Nimeamua kuliandika kama jambo.

La pili, sita wanatosha, lakini petroli haiwezi kukatwa kwa maneno ya kikundi pekee. Bwana Majid atasema boti ni la wote na wazee wamekosana wao kwa wao. Panahitajika shahidi asiye mwanakikundi, anayejua boti ni la nani na ramani ilimfikiaje nahodha. Shahidi huyo atie saini chini ya dole gumba la baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi. Ofisi inafunga orodha ya petroli ya miezi sita Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe sita Juni, saa sita mchana. Baada ya hapo mapipa yataendelea mpaka Disemba.

Jumapili, 1 Juni

Mvua: hakuna. Anga imeoshwa, Tumbatu inaonekana mpaka minazi yake.

Kesho unakusanya madaftari, Bi Dalal. Mpaka jana nilikuwa nakuandika kama mtu anayemsema mwengine. Leo nazungumza na wewe.

Nimefikiri nichane ukurasa wa tarehe thelathini Aprili, usije ukachukia. Sikuuchana. Nilifikiri pia niandike kwamba hukujua. Siwezi kuandika hivyo, kwa sababu sijui kama hukujua. Najua kwamba ulikula ukumbini kwetu, na ulimsikia baba akiuliza juu ya yale maombi ya nyuma, na fomu ilikuwa mikononi mwenu nyinyi wawili. Sikutukani. Wewe ulinifundisha kwamba mtu huanza na anachokijua hakika, kisha akavuta mstari.

Makosa yangu nimeyaandika yote. Nilimlazimisha baba aseme kweli kwa watu ambao hawakustahiki kuisikia, na mwamba wa ukoo wetu sasa ni mweupe. Baba ameniambia jana kwamba matumbawe huota tena yakiachwa, isipokuwa yeye hatayaona, labda mimi nitayaona. Aliniambia mimi mwenyewe, tumekaa mlangoni, wala hakuniita bibie.

Yataota yakiachwa. Na hayataachwa maadamu mapipa yanakuja.

Ndani ya daftari hili, ukurasa wa mwisho, nimeikunja barua yetu. Chini ya dole gumba la baba pana mstari mtupu. Najua Majid ni kaka yako, tumbo moja, na mnakaa nyumba moja, na kesho yake utatazamana naye mezani. Sikuombi useme neno baya juu yake. Naomba useme tu boti ni la nani, na ramani ulimpa nani.

Usinisahihishie daftari kwanza. Nirudishie barua na jibu lako kwa mkono wa mama mdogo Riyama, kabla ya Ijumaa saa sita. Utatia saini, Mwalimu, ama hutatia?